Vioo vya Reims: Somo la Hija ya Miguu, Sanaa ya Kisasa na Upatanisho



Wapendwa wasomaji, katika toleo hili tunawaletea somo tulilolifanya muhula uliopita, sisi mafrateri wanne wa mwaka wa pili wa falsafa, tulipokuwa tukisoma falsafa ya uzuri. Somo lilianzia darasani, likaishia kwenye kigango tunachotumwa kufanya utume kila Jumamosi, mwendo wa kilomita tisa kutoka parokiani. Kwanza tutaeleza jambo lililotusumbua, kisha tutaifuata njia ya hija kituo kwa kituo, na mwishoni tutaweka maswali ya kutafakari katika jumuiya ndogo ndogo.

1. Dirisha lililozibwa kwa bati

Kigango chetu kina kanisa dogo la matofali. Waamini walijinyima, wakauza mahindi, wakaweka madirisha ya vioo. Mwaka jana, baada ya mechi ya vijana kati ya kijiji hicho na kijiji jirani, kulitokea ugomvi. Mawe yakarushwa, na dirisha moja la kanisa likavunjika. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Wiki chache baadaye wazee wa kijiji jirani, ambao nao ni Wakatoliki wa parokia hiyohiyo, walileta fedha za kununulia kioo kipya, na fundi wao akajitolea kukiweka bila malipo.

Kamati ya kigango ilikataa. "Hatutaki kioo chao kanisani kwetu," alisema mzee mmoja, na wengi wakaitikia. Fedha zikarudishwa. Dirisha likazibwa kwa bati, na hadi leo upande ule wa kanisa ni giza.

Ni lazima tukiri kwamba siku hiyo tulikuwepo, na tulinyamaza. Mmoja wetu hata alisema kuwa wazee wana haki, kwa sababu vijana waliorusha mawe hawakuja wenyewe kuomba msamaha. Tulirudi seminarini tukijiambia kwamba mambo hayo si yetu.

Muda mfupi baadaye mwalimu wetu aligawa kazi za makundi. Kila kundi lilipewa kazi moja ya sanaa ya kisasa iliyomo kanisani. Sisi tukapewa vioo vya Kanisa Kuu la Reims, Ufaransa. Alitupa na sharti moja: tusianze na vioo. Tuanze na njia anayoifuata mtu anayefika hapo kwa miguu. Ufaransa hatujafika. Tulibandika ramani ukutani na kuifuata njia jioni baada ya jioni, tukisoma habari za kila kijiji kabla ya kwenda kijiji kinachofuata. Tunawaalika nanyi mtembee hivyo.

2. Njia kutoka Laon hadi Reims

Njia hii ni kipande cha Via Francigena, njia ya kale ya mahujaji kutoka Canterbury, Uingereza, hadi Roma. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikwenda Roma kupokea palio, na vituo vya safari yake ya kurudi viliandikwa. Ni vituo karibu 80. Reims ni kimojawapo, na kijiji kidogo cha Corbeny ni kingine. Watu bado wanaifuata njia hiyo, wakiwa na mkoba mgongoni na fimbo mkononi.

Tulianzia Laon, mji ulio juu ya kilima. Kanisa lake la kale lina jambo la kumfurahisha mkulima: juu kabisa ya minara kuna sanamu za ng'ombe waliochongwa kwa mawe, wakichungulia nje kama walio zizini. Inasemekana waliwekwa kuwaheshimu ng'ombe waliovuta mawe ya ujenzi hadi kileleni. Wajenzi hawakutaka kazi ya mnyama mchovu isahaulike. Anayeanza safari ya zaidi ya kilomita 50 kwa miguu anaagwa na ng'ombe hao.

Kutoka Laon njia inashuka na kuingia mashambani na misituni. Huko ndani ya msitu kuna magofu ya abasia ya Vauclair, iliyoanzishwa na Mt. Bernardo wa Clairvaux mwaka 1134. Kuta zimebaki vipande, na matao yamesimama bila paa. Mgeni anaweza kudhani kwamba ni uzee tu uliolibomoa jengo hilo. Lakini kilichommalizia ukuta wake ni mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Karibu na hapo kuna mgongo mrefu wa vilima uitwao Chemin des Dames, yaani Njia ya Mabibi. Jina ni la amani, kwa sababu binti za mfalme Louis XV walipita huko kwa magari ya farasi. Tarehe 16 Aprili 1917 jeshi la Ufaransa lilishambulia mgongo huo, ambako Wajerumani walikuwa wamejichimbia. Shambulio lilishindwa, na watu wengi mno wakafa. Miongoni mwa waliopandishwa mlimani siku hiyo walikuwa askari Waafrika kutoka makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi. Waliitwa "wa Senegali", ingawa walitoka nchi nyingi. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi kali na theluji, na mikono yao ilikufa ganzi kwenye bunduki. Walianguka kwa maelfu.

Hapa tulikaa jioni mbili. Tulikuwa tumekuja kutafuta vioo, na tumekutana na makaburi ya ndugu zetu. Tukakumbuka pia kwamba vita hiyohiyo ilipiganwa kwetu. Jina Kariakoo, ambalo tunalitaja kila siku kwa habari za soko na mpira, latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya Waingereza. Wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi hawana kaburi lenye jina.

Baada ya Corbeny njia inafika kwenye mto Aisne. Kando ya mto, huko Berry-au-Bac, kuna mnara wa ukumbusho wa vifaru vya Ufaransa, ambavyo viliingia vitani kwa mara ya kwanza siku ileile ya Aprili. Kisha vinakuja vilima vya mizabibu karibu na Saint-Thierry. Katika karne ya 12 abati wa hapo alikuwa Guillaume, rafiki wa Mt. Bernardo. Alifundisha kwamba upendo wenyewe ni namna ya kujua: kuna mambo ambayo akili haiyaoni mpaka moyo umeyasogelea. Kwa mwanafunzi wa falsafa fundisho hilo ni gumu kidogo. Tuliliandika kwenye ubao wetu, tukaendelea kushuka kuelekea mji.

3. Kanisa lililochomwa

Kanisa Kuu la Bikira Maria la Reims lilianza kujengwa mwaka 1211, baada ya lile la awali kuungua. Katika mji huo Mt. Remi alimbatiza Klovis, mfalme wa Wafranki. Hapo wafalme wa Ufaransa walipakwa mafuta na kuvikwa taji, na mwaka 1429 Jeanne d'Arc alimleta Charles VII kutawazwa.

Tarehe 19 Septemba 1914 mizinga ya Wajerumani ililipiga kanisa hilo. Jukwaa la mafundi lililokuwa nje likashika moto, moto ukapanda hadi kwenye paa la mbao, na paa lote likateketea. Mlangoni palikuwa na sanamu ya malaika anayetabasamu, maarufu sana. Kichwa chake kilianguka na kuvunjika vipande. Miaka iliyofuata mabomu yaliendelea kuanguka, na vioo vingi vya karne za kati vikapotea. Baada ya vita vipande vya kichwa cha malaika viliunganishwa, naye akarudishiwa tabasamu lake. Kanisa zima lilifunguliwa tena mwaka 1938. Mwaka uliofuata vita nyingine ikaanza.

Tarehe 7 Mei 1945 jenerali wa Ujerumani alitia sahihi ya kujisalimisha katika mji huohuo wa Reims. Na tarehe 8 Julai 1962 Rais de Gaulle wa Ufaransa na Kansela Adenauer wa Ujerumani waliingia pamoja katika kanisa hilo, wakasali Misa bega kwa bega. Wakati huo palikuwa na watu wengi waliokumbuka kwa macho yao paa likiungua.

4. Vioo viwili, mikono miwili

Sasa twende kwenye vioo. Nyuma kabisa ya altare kuu, upande wa mashariki, kuna kikanisa chenye madirisha ya Marc Chagall, yaliyowekwa mwaka 1974. Rangi yake kubwa ni buluu. Katikati yumo Abrahamu, na Kristo msalabani na mfufuka. Upande mmoja ni mti wa Yese, na upande mwingine ni matukio makubwa ya Reims. Chagall alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Vitebsk. Mwaka 1941 ilimbidi aikimbie Ufaransa kwa sababu ya mateso waliyopata Wayahudi. Mtu huyo ndiye aliyewapa Wakristo wa Reims dirisha la Abrahamu.

Kulia na kushoto kwa kikanisa hicho kuna madirisha mengine sita, yaliyozinduliwa mwaka 2011, kanisa lilipotimiza miaka 800. Aliyeyabuni ni Imi Knoebel, Mjerumani aliyezaliwa Dessau mwaka 1940. Hayana sura ya mtu yeyote. Ni vipande vyenye ncha, vyekundu, vya buluu na vya njano, vimepandana na kukatana. Mwaka 2015 yaliongezwa mengine matatu ya msanii huyohuyo, katika kikanisa cha Jeanne d'Arc, yakiwa zawadi kutoka Ujerumani.

Tulipowaonyesha waamini wa kigango picha hizo, mama mmoja alituuliza, "Frateri, hiki kioo kina mtakatifu gani?" Swali ni la haki. Tujaribu kulijibu.

Mt. Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 39, anataja mambo matatu yanayohitajika ili kitu kiwe kizuri: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Mwanzoni tulidhani vioo vya Knoebel vinashindwa mtihani huo kwenye jambo la kwanza. Kitu kinachofanana na vipande vilivyovunjika kitakuwaje kikamilifu? Lakini ukamilifu maana yake ni kwamba kitu hakikosi kile kinachopaswa kuwa nacho. Kinachopaswa kuwamo katika dirisha la kanisa lililopigwa mabomu ni nini? Ikiwa kingewekwa kioo kinachofanana kabisa na cha karne ya 13, mgeni angepita akidhani hapakutokea kitu. Vipande vya Knoebel vinaikumbuka siku ya kuvunjika. Wakati huohuo kila kipande kimeshikwa na mwenzake kwa risasi, hakuna kinachoanguka, na mwanga wa jua unapita katikati yake na kumwaga rangi sakafuni. Anayesimama pale anaangukiwa na rangi hiyo, awe Mfaransa, Mjerumani au mpita njia.

Basi mama yetu tulimjibu hivi: kioo hiki hakina mtakatifu aliyechorwa. Kina jeraha, na kina mwanga. Akatikisa kichwa, akasema bado angependa kumwona Bikira Maria. Tunamheshimu. Kanisa lenyewe, katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, linasema halikujifunga kwenye mtindo mmoja wa sanaa, na kanisani nafasi ipo ya Chagall na ya sanamu ya Mama yetu pia.

Tuligundua kwa nini mwalimu alitutuma njiani kwanza. Kama tungeanza na picha za vioo, tungebishana kuhusu rangi. Kwa kuwa tulipita Vauclair na Chemin des Dames, tulipofika kwenye vile vipande vyekundu tulinyamaza. Miguu, hata ile ya kutembea ramani, ilikuwa imeyaandaa macho.

5. Nani ana haki ya kutengeneza?

Linabaki swali gumu. Knoebel alizaliwa miaka 26 baada ya kanisa kuchomwa. Hakurusha kombora lolote. Kwa nini basi kazi yake iwe na maana ya upatanisho?

Mwanafalsafa Karl Jaspers, naye Mjerumani, alichapisha mwaka 1946 kitabu juu ya hatia ya nchi yake. Alitenganisha aina nne za hatia. Hatia ya jinai ni ya yule aliyetenda, na huhukumiwa mahakamani. Hatia ya kisiasa huwagusa raia wote, kwa kuwa wanabeba matokeo ya matendo ya nchi yao. Hatia ya kimaadili kila mmoja huijua katika dhamiri yake. Na ya nne, aliyoiita ya kimetafizikia, humpata mtu aliyekuwepo uovu ulipotendeka, akabaki salama bila kujali.

Mafundisho haya yanatusaidia. Hatia ya jinai hairithiwi. Mtoto hahukumiwi kwa jiwe alilorusha kaka yake. Lakini mtu anaweza kupokea kwa hiari mzigo wa watu wake na kusema: mkono uliobomoa ulitoka kwetu, basi na mkono wa kujenga utoke kwetu. Hilo ni tendo huru, na kwa sababu ni huru lina thamani. Nalo linahitaji upande wa pili, yaani mwenye nyumba akubali kufungua mlango. Watu wa Reims wangeweza kusema, "Hatutaki kioo chao." Walikuwa na kila sababu. Walikubali, na tena si mahali pa pembeni. Waliwapa ukuta ulio karibu kabisa na mahali pa Chagall.

Kuna jambo moja zaidi ambalo njia ilitufundisha. Mjini Reims, mwaka 1924, ilijengwa sanamu ya kuwakumbuka mashujaa wa jeshi la watu weusi, walioshiriki kuulinda mji huo. Sanamu pacha yake iko Bamako, Mali. Ile ya Reims iliondolewa na Wajerumani mwaka 1940, na eneo lake likakaa miongo mingi bila sanamu ile. Ilirudishwa mwaka 2013 tu, miaka 51 baada ya ile Misa ya de Gaulle na Adenauer. Wakubwa wawili wanapopatana, kuna wa tatu aliyeumia katika ugomvi wao, na huyo husahaulika kwa urahisi.

6. Tulivyorudi kigangoni

Jumamosi moja tulifika kigangoni wakati wa mvua. Watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza walikuwa wamebanana upande mmoja wa kanisa. Tulipouliza, katekista alituambia kuwa bati la dirishani halikukaa sawasawa, maji yanaingia na kulowanisha madaftari, na hata pasipo mvua upande ule hawaoni kuandika. Hapo tulimtambua wa tatu wetu. Vijiji viwili vinashindana, na wanaolowa ni watoto ambao siku ya mechi hawakuwepo hata uwanjani.

Tuliomba ruhusa kwa Paroko, tukawasomea kamati na vijana somo hili, kama mnavyolisoma. Mwenyekiti wa kigango alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mafrateri, mmesema vema. Lakini fedha tulizirudisha wenyewe. Tutaziombaje tena?" Hakuna aliyemjibu, nasi hatukuwa na jibu. Kumbe aibu ya aliyekataa msamaha inaweza kuwa nzito kama aibu ya aliyekosa.

Tulirudi kwenye Injili ya Mathayo, sura ya tano, pale Bwana anapozungumza juu ya mtu aliyefika altareni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaagizwa aiache sadaka, aende kwanza. Hata hiyo ni hija ya miguu, isipokuwa inaanzia altareni na kuelekea kwa jirani. Tukaona kwamba sisi wanne pia tulikuwa na mtu wa kumwendea, kwa sababu ya kimya chetu cha siku ile.

Jumamosi iliyofuata hatukupita njia ya kawaida. Tulizunguka kwa kijiji jirani, tukavuka uwanja wa mpira, tukafika kwa mzee aliyekuwa amezileta zile fedha. Tulimwamkia, tukamwambia, "Mzee wetu, siku ile fedha zako zilipokataliwa tulikuwepo, na hatukusema neno. Tumekuja kuomba msamaha." Alikaa kimya kidogo, akamwagiza mjukuu wake alete viti na uji. Kisha akauliza, "Hilo dirisha vipimo vyake ni vipi? Fundi wangu aliniuliza, nikakosa cha kumwambia."

Hatukuvijua. Kwa mwaka mzima tumelitazama dirisha lile, na hakuna aliyewahi kulipima.

Tunapoandika somo hili, bati bado lipo, na kamati itakutana baada ya mavuno. Lakini Jumamosi hii tunakwenda na futi. Mwenyekiti ameshatuambia kwamba ngazi ataileta yeye.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika njia tunayopita kwenda kanisani kila Jumapili, ni mahali gani palipotokea jambo ambalo hatutaki kulikumbuka?

2. Je, kuna msaada au msamaha tulioukataa kwa sababu ya mkono uliouleta? Ni nani anayeendelea kulowa kwa sababu ya kukataa kwetu?

3. Kati ya aina nne za hatia tulizozitaja, ipi inatugusa kama jumuiya, na tufanye nini wiki hii?

Tuombe: Ee Bwana, uliyetembea na wanafunzi wawili kuelekea Emau na kuwafungua macho mwisho wa safari, utembee nasi kuelekea kwa ndugu tuliyemkataa. Utujalie kuupokea mwanga wako hata kupitia kioo kilichowekwa na mkono tusioutarajia. Amina.